Fastjet inaweza kurudi kuruka Tanzania? Tupige hesabu

Msafiri wa Songwe (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila nauli za ndege zikipanda kuelekea Desemba, swali ni lile lile: fastjet, lile shirika la ndege za nauli nafuu, wanarudi lini? Kwenye magrupu ya watu wa Mbeya na Mwanza picha ya ile Airbus yenye kasuku mkiani haipumziki, na kila anayeirusha anaongeza maneno yake kwamba "wako njiani". Nimeleta uzi huu tulijadili kwa kina, maana naona watu wengi wanasubiri kitu ambacho hatujawahi kukaa chini tukaangalia kiliundwa na nini.

Kwa mliokuwa bado shuleni: fastjet Tanzania ilianza kuruka tarehe 29 Novemba 2012, Dar kwenda Kilimanjaro na Dar kwenda Mwanza, kwa Airbus A319 za viti 156. Na haikuanza sifuri. Wawekezaji wa Uingereza walichukua biashara ya Fly540 iliyokuwa mikononi mwa Lonrho, na ndani yake kulikuwa na Fly540 Tanzania yenye leseni na cheti kilicho hai. Huo ndio mlango walioingilia, tutaurudia mbele. Nauli ya kuanzia ilitangazwa Sh32,000 kabla ya kodi na tozo, na ulikuwa unaweza kulipia kwa simu. Kampuni yenyewe ilisema zaidi ya thuluthi moja ya abiria wake wa mwanzo walikuwa hawajawahi kupanda ndege maishani. Mimi naliamini kwa sababu nililiona. Ruti ya Mbeya ilipoanza, kwenye foleni pale uwanja wa Songwe, wa Mbeya, ulikuta mama wa Tukuyu na kapu la maparachichi anabishana kistaarabu kuhusu uzito wa mzigo, nyuma yake fundi ujenzi, nyuma yake mwanafunzi. Hao wote siku zote walikuwa watu wa basi la alfajiri.

Wakapanuka haraka. Johannesburg mwaka 2013, Lusaka 2014, kisha Harare, Entebbe, Nairobi. Mwaka 2016 ukaja uongozi mpya, makao makuu yakahama Gatwick kwenda Johannesburg, Airbus zikarudishwa na zikaletwa Embraer E190. Mwaka 2018 zikafuata ATR, ndege za propela. Wakati wote huo kampuni mama ilikuwa inaandika hasara mwaka hadi mwaka. Novemba 2018 hisa nyingi za kampuni ya hapa zikanunuliwa na Lawrence Masha, waziri wa zamani wa Mambo ya Ndani. Mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 17 Desemba, TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, wakatoa notisi ya siku 28 ya kusudio la kusitisha leseni: madeni, uhaba wa ndege, na kukosekana kwa meneja anayewajibika mbele ya mamlaka. Safari za sikukuu zikafutwa. Masha alilalamika hadharani kwamba alizuiwa kuleta ndege nyingine. Hawakuruka tena.

Sasa tuangalie ni kipi hasa kilikufa siku ile. Jina halikufa. Fastjet Zimbabwe, iliyoanza 2015, inaendelea kuruka na kasuku wake. Kilichokufa hapa kwetu ni leseni ya biashara ya usafiri wa anga na cheti cha uendeshaji, kile ambacho watu wa anga wanakiita AOC. Bila hivyo viwili jina ni rangi tu, sawa na mtu kumiliki maandishi mazuri ya ubavuni mwa basi bila basi na bila kibali cha LATRA. Kwa hiyo anayesema "fastjet inarudi" anatakiwa atuambie: inarudi kwa cheti cha nani?

Halafu ndiyo tuje kwenye ile 32,000, maana kwa maoni yangu hiyo ndiyo watu wanaililia, hata wakitaja jina la kampuni.

Mwaka 2012 Sh32,000 ilikuwa kama dola 20. Leo dola 20 ni kama Sh50,000. Chukua A319 moja kutoka Dar kwenda KIA, uwanja wa Kilimanjaro. Kwa safari ya saa moja hivi inakunywa takribani tani mbili za mafuta, yaani kama lita 2,500. Kwa urahisi wa hesabu weka lita moja dola moja, iwe mwaka ule au sasa. Kwa kiwango cha 2012, cha kama Sh1,580 kwa dola, mafuta peke yake ni karibu Sh3.95 milioni. Ukijaza viti vyote 156 kwa nauli ya chini kabisa unapata Sh4.99 milioni. Unabaki na milioni moja ya kulipa marubani, wahudumu, ada ya kukodi ndege, bima, kutua, matengenezo. Kwa dola ya Sh2,600 mafuta yale yale ni Sh6.5 milioni. Yaani ndege ijae hadi kiti cha mwisho na bado hujamaliza kulipia mafuta.

Bila shaka si kila abiria alilipa 32,000. Ile ilikuwa nauli ya waliowahi, na waliochelewa walilipa mara tatu au nne. Ndivyo mashirika ya bei nafuu yanavyoishi duniani kote. Tatizo ni kwamba hapa kwetu wa kuwahi walikuwa wengi kwenye matangazo na wachache kwenye viti. Msiba hautoi taarifa miezi mitatu kabla. Kikao cha serikali kinaitishwa Ijumaa kwa Jumatatu.

Kuna jambo moja ambalo sioni likijadiliwa kabisa, na ndilo linaniuma zaidi kama mtu wa kusini: saa za ndege. Shirika la bei nafuu linapona kwa kuirusha ndege moja saa 11 au 12 kwa siku, kwa sababu kodi ya ndege unalipa kwa mwezi, iruke isiruke. Sasa uwanja wa Songwe kwa miaka mingi haukuwa na taa za njia ya kurukia. Giza likiingia, basi. Ukungu wa asubuhi nao ukishuka, ndege inazunguka juu halafu inarudi Dar na abiria wake wote na mafuta yameshaungua. Unanunua ndege ya kufanya kazi mchana na usiku, unaitumia kwa saa za jua, tena jua lenyewe likipenda. Uongozi uwe hodari namna gani, hapo hautoki.

Msimamo wangu: jina linaweza kurudi hata mwakani, mtu akilipenda. Lile shirika tulilolijua, la jeti kubwa na nauli ya basi, haliwezi kurudi kwa mazingira ya sasa. Karibuni.

Kirumba Mjini

Mkuu umeandika vizuri lakini umezunguka mbuyu. Sisi wa Mwanza tunajua kilichotokea. Bombardier za serikali zilifika Septemba 2016, Dreamliner ikaja Julai 2018, Airbus A220 ya kwanza ikatua Desemba 2018. Na fastjet wakapewa notisi Desemba hiyo hiyo. Hesabu za mafuta hazina kosa, ila usiache hiyo sehemu nje. Nchi ikiwa na shirika lake na yenyewe ndiyo inayotoa leseni, mwekezaji binafsi anaangalia pande zote mbili kabla hajaleta hela yake.

Msafiri wa Songwe (mleta uzi)

Kaka wa Kirumba, sikuiacha kwa kuogopa. Hoja ya mwekezaji kuogopa mwamuzi ambaye pia ni mchezaji naikubali kabisa, na mtu yeyote mwenye fedha ataiuliza kwenye kikao cha kwanza. Ila jiulize: kampuni yenye ndege tano zinazojaa na isiyo na deni uwanjani ingeondolewa kwa notisi ya siku 28? Walifika Desemba wakiwa wameshapungua sana. Kama kuna mkono ulisukuma, ulimkuta mtu ameshasimama ukingoni.

Na tazama hata huyo mshindi. Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ya mwaka 2023/24 ilionyesha ATCL, yaani Air Tanzania ya serikali, imepata hasara ya Sh91.8 bilioni, kutoka Sh56.6 bilioni mwaka uliotangulia. Shirika ambalo ndege zake zinanunuliwa na serikali na kukodishwa kwake kupitia TGFA, wakala wa ndege za serikali, bado linapata hasara ya namna hiyo. Aliyekodi ndege Ulaya kwa dola atafanyaje?

Fundi wa Hanga

Nimefanya matengenezo ya ndege miaka mingi, nichangie upande wa cheti maana watu wanadhani ni kujaza fomu.

Kuanza AOC upya kuna hatua tano. Kwanza mazungumzo ya awali na mamlaka, kisha maombi rasmi, kisha wanasoma vitabu vyako vyote, kisha wanakuja kukukagua na kukuona ukiruka safari za majaribio, mwisho ndiyo cheti. Hatua ya tatu ndiyo inayoua watu. Kuna kitabu cha uendeshaji, cha matengenezo, cha mafunzo, mpango wa usalama, na kila ukurasa unasomwa na kurudishwa na maswali. Na huwezi kufika hatua ya nne bila kuwa na ndege mkononi, marubani wenye leseni za aina hiyo ya ndege, na wakuu wa idara waliokubaliwa kwa majina. Maana yake unalipa kodi ya ndege na mishahara miezi kadhaa kabla hujauza tiketi hata moja. Hapo ndipo mitaji midogo huishia.

Ndege zenyewe hazipo kirahisi. Baada ya korona viwanda vimechelewa, injini zinasubiri foleni ya matengenezo, bei za kukodi ndege zimepanda. Mmeona A220 za ATCL zilivyokaa chini kwa ajili ya injini. Halafu Juni 2025 Umoja wa Ulaya umeyaweka mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania kwenye orodha ya kuzuiwa. Mtasema wewe unaruka Dar–Mwanza, Ulaya inakuhusu nini. Inakuhusu kwa sababu mwenye ndege na mwenye bima wako huko. Akiona usajili wa 5H, yaani wa Tanzania, anauliza maswali mengi zaidi, na kila swali lina bei yake.

Kwa hiyo swali la mleta uzi, "kwa cheti cha nani", ndilo lenyewe. Njia fupi ni kuingia ubia na shirika lenye cheti hai.

Mkaazi wa Kisumu

Habari zenu majirani. Huku kwetu tuna mifano miwili ya kuwasaidia. Fly540, yule yule mzazi wa hiyo fastjet yenu, ilisimama mwaka 2022 na hadi sasa watu wa Kisumu na Eldoret wanaikumbuka kama nyinyi mnavyokumbuka kasuku. Upande mwingine kuna Jambojet. Ilianza Aprili 2014 na Boeing 737, ikaja kubadilisha ikachukua Dash 8-400, ndege za propela. Leo ndiyo inayobeba watu wa kawaida kwenda Mombasa, Kisumu, Eldoret. Lakini msisahau Jambojet ni mtoto wa Kenya Airways. Ana mzazi wa kumkimbilia. Fastjet ya Dar haikuwa na mzazi karibu.

Kirumba Mjini

Kwa hiyo pangaboi, hizo za propela, ni nafuu kuliko jeti? Maana Bombardier tulizicheka hapa jukwaani hadi tukachoka.

Fundi wa Hanga

Kwa kiti kimoja tofauti ya mafuta si kubwa hivyo kama A319 imejaa. Tofauti iko kwenye neno "imejaa". ATR 72 ina viti 70 hivi, Q400 za ATCL, hizo Bombardier, zina 76. Safari moja ya ATR inakunywa chini ya nusu ya mafuta ya A319. Ukiwa na abiria 55 kwenda Mbeya Jumanne mchana, ATR inaenda na kurudi na faida kidogo. Airbus na abiria hao hao 55 imebeba viti vitupu mia moja. Ndiyo maana Precision wameishi na ATR muda wote huu, na Flightlink wakaenda njia hiyo hiyo. Halafu pangaboi inatua Bukoba, ambako Airbus haitii mguu. Fastjet wenyewe mwishoni waliligundua hilo, ila ATR zilikuja 2018 wakati pumzi imekwisha.

Binti Entebbe

Mimi nina swali kwa mleta uzi. Mnasema haiwezekani, mbona Uganda Airlines ilikufa 2001 na ikarudi Agosti 2019? Zambia Airways ilifungwa miaka ya tisini ikarudi Desemba 2021. South African Airways ilisimama 2020 ikarudi Septemba 2021. Hata Air Tanzania yenu ilikuwa imebaki na ndege moja. Kurudi kupo.

Msafiri wa Songwe (mleta uzi)

Dada, mifano yako ni ya kweli na ndiyo inayonifanya niseme ninachosema. Angalia nani alilipa. Uganda Airlines mpya ni mali ya serikali kwa asilimia 100, ilinunuliwa CRJ900 nne na Airbus A330 mbili kwa fedha za umma, na bado inaandika hasara. Tena kisheria ni kampuni mpya iliyopewa jina la zamani, ilipita kwenye hatua zote tano alizozitaja Fundi. Zambia Airways ilirudi kwa sababu Ethiopian walichukua asilimia 45. South African iliokolewa na hazina. Air Tanzania haikuwahi kufa kabisa. Mwaka 2008 ilinyang'anywa cheti, ikarudishiwa muda mfupi baadaye, na miaka ile ya shida ilibaki na Dash 8 moja ikiruka kwenda Kigoma. Ile ndege moja ndiyo iliyotunza uhai wa kampuni hadi serikali ilipoamua kumwaga fedha.

Tafuta mfano mmoja Afrika Mashariki wa shirika binafsi la abiria wengi, lililofungwa kwa madeni, likarudi kwa jina lake na kwa fedha binafsi. Mimi nimetafuta sijaupata. JetLink ya Kenya ilisimama Novemba 2012 na ikaishia hapo.

Mdau wa Dodoma

Mmesahau treni. SGR, reli yetu ya kisasa, imeanza kufika Dodoma mwaka 2024 na nauli ya kawaida ni Sh31,000. Yaani nauli ya fastjet ipo, imehamia relini. Ndege ya Dar–Dodoma sasa wanapanda wabunge na wenye haraka. Ikifika Mwanza itakuwaje?

Msafiri wa Songwe (mleta uzi)

Hii hoja nimeifurahia kuliko zote kwenye uzi huu. Ni kweli, ile bei tunayoililia ipo, na anayeibeba ni reli iliyojengwa kwa fedha za umma. Kwa Dodoma ndege haina tena la kusema kwa mtu wa kipato cha kawaida. Mwanza itategemea saa. Treni ikichukua usiku kucha, bado kuna mgonjwa anayewahi kliniki Muhimbili na mfanyabiashara wa samaki asiyeweza kusubiri. Mbeya sisi hatumo kwenye SGR, tuna TAZARA na tuna barabara, kwa hiyo sisi ndio wenye haki ya kupiga kelele zaidi kuhusu ndege.

Na kelele hizo ningependa tuzielekeze pengine. Badala ya kuuliza kasuku yuko wapi, tuulize viwanja. Tabora, Kigoma, Shinyanga na Sumbawanga viliwekwa kwenye mradi wa ukarabati, tuulize taa za usiku zinawaka lini na saa za kufungua ni zipi. Tuulize tozo ngapi zinapachikwa juu ya tiketi ya ndani. Kiwanja kikiwa wazi saa 4 usiku, Precision au Flightlink anaweza kuongeza safari moja kwa ndege ile ile anayoilipia tayari, na hiyo safari ya ziada ndiyo inayoweza kuuzwa kwa bei ya chini. Hilo linawezekana bila shirika jipya hata moja.

Kirumba Mjini

Sawa mkuu, nimekuelewa, ingawa moyo bado unataka ile ndege. Sasa mtu akirusha tena ile picha kwenye grupu, nitajuaje kama safari hii ni kweli?

Msafiri wa Songwe (mleta uzi)

Tafuta vitu vitatu. Maombi ya leseni ya usafiri wa anga huwa yanatangazwa ili mwenye pingamizi alete, kwa hiyo tafuta tangazo la TCAA lenye jina la kampuni na ruti inazoomba. Pili, tafuta nafasi za kazi: rubani mkuu, mkuu wa matengenezo, mkuu wa usalama. Hakuna AOC bila hao, na wanaajiriwa miezi kabla ya safari ya kwanza. Tatu, ndege yenyewe, yenye usajili wa 5H, imeegeshwa JNIA, uwanja wa Dar. Ukiona vyote vitatu, nitafute, tutakata tiketi ya Mwanza pamoja. Ukiona picha tu, ni ile ya 2012.